Siri ya Nani? Istilahi ya Siri ya Biashara, Kutoka Nyamongo hadi Robanda

Jibu la "hiyo ni siri ya kampuni" lina faida moja kwa anayelitoa: linafunga mazungumzo. Mkazi wa Nyamongo, wilayani Tarime, anaweza kuuliza ushuru wa huduma ambao mgodi wa dhahabu wa North Mara umeilipa halmashauri ulikokotolewaje. Mkazi wa Robanda, wilayani Serengeti, anaweza kuuliza kambi ya watalii iliyo kwenye ardhi ya jumuiya yao ilipokea wageni wangapi msimu uliopita. Maswali ni mawili, sheria zinazoyagusa ni tofauti, lakini jibu laweza kuwa lile lile. Aliyeuliza hurudi nyumbani asijue kama amenyimwa haki yake au ameelezwa sheria.

Sehemu ya lawama iko kwenye istilahi. Tunachokiita "siri ya biashara" ni vitu vitatu vilivyopewa jina moja. Kila kimoja kina mwenyewe, kina umri wake, na kinapimwa kwa kipimo chake. Tukivitenganisha kwa majina, itakuwa rahisi kuona lini siri ni halali na lini ni kisingizio.

Siri, usiri na faragha

Siri, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni jambo lenyewe lililofichwa. Usiri ni hali au wajibu wa kulificha. Faragha ni nafasi ya mtu binafsi: maradhi yake, ndoa yake, barua zake. Kampuni haiugui wala haioi, kwa hiyo haina faragha kwa maana hiyo, ina maslahi. Ndiyo maana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inataja faragha ya mtu na maslahi ya kibiashara kama sababu mbili tofauti za kuzuia taarifa.

Upande wa pili wa mizani kuna kumbukumbu, nyaraka na taarifa. Kumbukumbu za umma ni zile zinazozaliwa ofisi ya umma inapofanya kazi: faili lililoko masjala, barua, daftari la mapato, mkataba, ripoti ya maabara. Zinapohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo huitwa nyaraka, na kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inayoongozwa na sheria ya mwaka 2002. Sheria hiyo inaweka miaka 30 kuwa umri wa kawaida wa kumbukumbu kufunguliwa kwa wasomaji. Hata siri ya Serikali, basi, ina siku yake ya kukoma. Taarifa ni kile kilichomo ndani ya kumbukumbu, na hicho ndicho ambacho sheria ya 2016 inampa raia haki ya kukidai, ikitegemea Ibara ya 18 ya Katiba.

Mgongano unaanzia hapa. Kampuni inapoomba leseni, inapolipa kodi au inapopimwa maji yake, karatasi zake huingia kwenye faili la umma. Kuanzia siku hiyo karatasi hizo ni taarifa za kampuni na ni kumbukumbu za umma kwa wakati mmoja. Sheria zote za uwazi duniani zimelazimika kushughulikia hali hiyo. Marekani iliiwekea msamaha maalumu katika sheria yake ya mwaka 1966. Tanzania iliiwekea maneno machache: taarifa inaweza kuzuiwa ikiwa kuitoa kutaingilia maslahi halali ya kibiashara, zikiwemo haki za ubunifu, ya ofisi inayoishika au ya mtu mwingine aliyeitoa. Neno la kuangalia ni "halali". Sheria haikusema maslahi yoyote.

Maana ya kwanza: siri ya biashara yenyewe

Mama lishe wa stendi ya Tarime mwenye supu inayogombewa ana siri ya biashara: viungo gani, kwa kipimo gani, vinaingia chunguni saa ngapi. Jirani akiijua, wateja watagawanyika. Lakini bwana afya akija kukagua maji anayopikia na mahali anapomwaga uchafu, mama huyo hawezi kumwambia kwamba hayo pia ni siri ya supu.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 unaohusu haki za ubunifu katika biashara, maarufu kwa jina la TRIPS, unaweka masharti matatu ya siri ya namna hii katika kifungu cha 39. Jambo liwe halijulikani kwa watu wa fani hiyo. Thamani yake itokane na huko kutojulikana. Na mwenye nalo awe amechukua hatua za kulilinda. Sharti moja likikosekana, siri hakuna.

Kwenye mgodi, kinachofaa kuitwa hivyo ni kama mbinu maalumu ya kuchenjua dhahabu, au takwimu za uchorongaji kutoka eneo ambalo utafiti bado unaendelea. Kampuni imetumia fedha nyingi kutoboa mwamba, na mshindani akipewa matokeo bure, atakuwa amevuna asipopanda. Siri hii inastahili ulinzi mrefu na mzito. Ila ni nyembamba. Katika faili nene la mgodi, kurasa zinazoibeba ni chache.

Maana ya pili: taarifa nyeti za kibiashara

Kundi la pili ni taarifa ambazo si ujuzi wa pekee, lakini zikitoka mapema zitamwumiza mtu. Bei ya mzabuni kabla bahasha hazijafunguliwa ni mfano unaojulikana. Baada ya zabuni kufunguliwa na mshindi kutangazwa, bei ile ile ni taarifa ya umma, kwa kuwa fedha ni za umma. Unyeti wake ulikuwa wa muda tu.

Nyamongo wana mfano wao, na neno lake: tegesha. Mgodi unapotarajiwa kupanua shimo au kujenga bwawa jipya, ardhi inayoguswa hufanyiwa uthamini na wenye mali hulipwa fidia. Fununu zikitangulia, vibanda huibuka usiku na miche hupandwa kwa kubanana, yote yakimsubiri mthamini. Hiyo ndiyo tegesha: kutega fidia kama mtu anavyotega mtego. Imekuwa chanzo cha migogoro ya miaka mingi kati ya wakazi, mgodi na Serikali, na imewachelewesha hata wenye madai ya kweli.

Kwa hiyo kampuni ikisema ramani ya upanuzi isitolewe kabla ya tarehe ya kufunga maendelezo, ina hoja. Taarifa hiyo ni nyeti, na madhara ya kuivujisha yanaonekana kwa macho. Lakini tazama kinachotokea siku ya pili. Uthamini ukishafanyika na mipaka ikishawekwa, hakuna tena cha kutegeshwa. Ramani, viwango vilivyotumika na jumla ya fidia havina sababu ya kuendelea kufichwa, isipokuwa jina la mtu mmoja mmoja na kiasi alicholipwa, ambavyo ni faragha yake. Ofisi inayoendelea kukataa kutoa ramani ya uthamini uliomalizika inakuwa inalinda kitu ambacho hakipo tena.

Kundi hili ndilo lenye utata mwingi na linalohitaji neno lake. "Taarifa nyeti za kibiashara" linatufaa, kwa sababu kitu nyeti hupoa. Ukiita jambo siri, msikilizaji hudhani ni la milele. Ukiliita nyeti, analazimika kuuliza: nyeti mpaka lini?

Maana ya tatu: usiri wa kimkataba

Kundi la tatu si taarifa kabisa. Ni ahadi. Pande mbili zinakubaliana kwa maandishi kwamba hazitaeleza kilichomo kwenye makubaliano yao. Ahadi hiyo inaweza kufunika jambo ambalo halina siri ya biashara wala unyeti wowote.

Tarime inaijua ahadi ya namna hiyo. Mwaka 2013 wakazi wa jirani na mgodi wa North Mara walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyomiliki mgodi huo wakati ule, kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015, na masharti ya makubaliano hayakuwekwa wazi. Wadai ni watu binafsi na kampuni ni ya binafsi. Kisheria wana uhuru wa kunyamaza. Hapo usiri ni wao.

Mambo hubadilika mmoja wa waliotia saini anapokuwa Serikali. Februari 2007 aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa Buzwagi jijini London. Mbunge Zitto Kabwe alipotaka uchunguzwe na Bunge, alisimamishwa kuhudhuria vikao Agosti mwaka huo. Novemba Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mjumbe wake. Miaka saba baadaye, Novemba 2014, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliagiza mwenyekiti wa bodi na kaimu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26 ya gesi. Ikiwa kamati ya Bunge ilifikia kuita polisi ili ione mikataba, mwananchi wa Kerende, kijiji jirani na mgodi wa North Mara, angeanzia wapi?

Sheria zimesogea tangu hapo. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba na leseni za madini, mafuta na gesi zitangazwe, pamoja na majina ya wenye hisa. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kupitia masharti hasi katika mikataba ya maliasili, na hakuna awezaye kupitia mkataba asiousoma. Nchini Kenya, Mei 2022, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliiamuru Serikali iwape wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo mikataba ya reli ya SGR, ingawa Serikali ilijitetea kwa vifungu vya usiri vilivyomo. Funzo la uamuzi ule linavuka mpaka wa Sirari bila pasipoti: ofisi ya umma haiwezi kuahidi kwa mkataba kumnyima raia kile ambacho Katiba imempa.

Ndiyo maana "usiri wa kimkataba" usichanganywe na siri ya biashara. Wa kwanza unatokana na saini, ya pili inatokana na thamani. Kuandika "siri" juu ya jalada hakuongezi thamani iliyomo ndani.

Kisichoweza kuwa siri

Vitu vitatu vikishachambuliwa, linabaki kundi la taarifa ambazo hazimo katika chochote kati ya hivyo.

Malipo kwa umma ni ya kwanza. Ushuru wa huduma ni sehemu ndogo ya mauzo ghafi. Kwa kiwango cha asilimia 0.3, mgodi ukiuza dhahabu ya shilingi bilioni 100, halmashauri inastahili milioni 300. Ni hesabu ya darasa la sita, mradi mauzo yajulikane. Na yanajulikana. Barrick, inayomiliki asilimia 84 ya North Mara huku Serikali ikiwa na 16, ni kampuni ya Kanada iliyo kwenye soko la hisa. Hutoa ripoti za uzalishaji, gharama na akiba ya dhahabu kwa wawekezaji wa Toronto na New York. Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika mwaka 2015 inaitaka pia itangaze malipo inayofanya kwa serikali za nchi nyingine, kwa kila mradi, pale aina moja ya malipo inapofikia dola 100,000 za Kanada. Mstaafu wa Toronto mwenye hisa chache anaweza kusoma akiwa sebuleni kile ambacho mkazi wa kijiji cha Kewanja, jirani na mgodi, huenda akaambiwa ni siri. Taarifa iliyokwisha tangazwa mahali popote duniani imeshindwa sharti la kwanza la TRIPS.

Tangu makubaliano ya Januari 2020 yaliyorasimisha ubia wa Twiga Minerals kati ya Barrick na Serikali, Serikali imekuwa mdhibiti, mkusanya kodi na mwanahisa kwa pamoja. Mwanahisa hupenda usiri wa mshirika wake. Mdhibiti anawajibika kwa umma. Afisa anayejibu barua ya mwananchi ajiulize kwanza amevaa kofia ipi.

Uchafuzi ni wa pili. Mei 2009 maji kutoka mgodini yalivujia Mto Tigithe, na malalamiko ya wakazi yakadumu kwa miaka. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6, na Julai likazuia matumizi ya bwawa lake la topesumu. Namna bwawa lilivyosanifiwa inaweza kuwa na ujuzi wa mtu ndani yake. Kilichomo kwenye maji yanayonywewa na ng'ombe na watoto hakina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma.

Matumizi ya mali ya pamoja ni ya tatu, na hapo ndipo wilaya ya Serengeti inapoingia. Vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Natta-Mbiso na Makundusi viliunganisha ardhi yao katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wawekezaji wa kambi na hoteli hulipia nafasi hiyo, na sehemu ya mapato hutegemea idadi ya wageni waliolala. Majina ya wageni hao ni faragha yao. Bei ambayo kambi imekubaliana na wakala wa utalii wa Ulaya ni taarifa nyeti. Lakini jumla ya usiku uliolipiwa ndiyo msingi wa mgao wa kijiji. Kuificha ni kumtaka mwenye shamba apokee mavuno bila kuhesabu magunia.

Ukurasa gani?

Ugumu wa kweli ni kwamba taarifa za aina zote hukaa kwenye faili moja. Hebu tuwasikilize mzee na mtendaji wa kijiji wa kubuni.

"Mtendaji, naomba kuuona mkataba wetu na mwekezaji."

"Shikamoo mzee wangu. Mkataba ule una siri za kampuni."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa. Siri hizo ziko ukurasa gani?"

Swali la mzee ni la kisheria kuliko anavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Yeye ni mmoja wa waliopaswa kuidhinisha. Zaidi ya hapo, sheria za Kenya, Uingereza na Marekani zinakubali utenganishaji: sehemu yenye siri hufunikwa kwa wino mweusi, na kurasa nyingine hutolewa. Jalada zima halifichwi kwa sababu ya aya mbili. Nchini Marekani, tangu mwaka 1987, ofisi huijulisha kwanza kampuni iliyotoa taarifa na kuipa nafasi ya kueleza itadhurika vipi. Kampuni ina haki ya kusikilizwa, lakini ofisi ya umma ndiyo inayoamua.

Kwa raia wa Tarime au Serengeti anayetaka kuandika barua, istilahi hizi zina kazi ya mkono. Ataje kumbukumbu, asitaje mada: "jedwali la ushuru wa huduma uliopokelewa mwaka wa fedha fulani" ni bora kuliko "taarifa za mgodi". Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Ikikataa, aombe sababu kwa maandishi, na ndani ya sababu hiyo aambiwe mambo matatu: ni siri ya biashara, taarifa nyeti au usiri wa kimkataba; ni ya nani; na itakoma lini. Asiporidhika, aombe mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kwa Waziri.

Kwa wanaotafsiri, kazi haijaisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, maneno haya yanaingia kwenye vitabu vya sheria na yatakaa humo. Pendekezo la makala hii ni kuwa na jina la jumla, "usiri wa kibiashara", lenye matawi yake matatu, na "siri ya biashara" libaki kwa lile tawi la kwanza pekee.

Anayenufaika na utenganisho huo si mwuliza swali peke yake. Sheria ya 2016 ilipopitishwa iliweka kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa anayetoa taarifa iliyozuiwa, na haikuweka kitisho cha uzito huo kwa anayezuia isiyostahili kuzuiwa. Mtumishi wa halmashauri, awe Nyamwaga kule Tarime au Mugumu kule Serengeti, asiyejua mpaka uko wapi atachagua usalama wake, atakataa kila kitu, na hakuna wa kumlaumu. Akiujua mpaka, atakataa ramani ya upanuzi wa mwezi ujao kwa kifua mbele, na jedwali la ushuru wa mwaka jana atalibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo.